Majani ya Ngazi kwenye Karatasi ya Harusi

Salima, mama,

Wazee wa musikitini wanasema maiti hapokei barua, anapokea dua tu. Dua nimeomba, na bado naomba. Lakini unamujua mujomba wako: dua yangu inaisha mapema, maneno yangu hayaishi. Kwa hiyo nimeketi kwenye kiti chako, kile chenye muguu uliofungwa kwa waya, naandika kwa mukono. Mashine yako ya kompyuta nimeizima ipumzike kidogo. Wiki hii imefanya kazi kuliko mutumbwi wa wavuvi wa Magara siku za giza la mwezi.

Na aliyeifanyisha kazi ni mimi. Ndiyo, mimi, Ramazani, niliyeacha shule darasa la nne, si kwa ujinga, wajua, ni kwa sababu mwalimu alikuwa ameishiwa na vya kunifundisha. Nimeandika mustari wangu wa Pythoni. Mustari mumoja, kwa vidole hivi vinavyonuka mawese, na umekubali. Ngoja nikueleze toka mwanzo, na usinikatize kama ulivyozoea.

Kwanza habari za nyumbani. Njia ya Bujumbura ni ile ile iliyokuchukua. Sasa basi ndogo zinakwenda kwa musururu, askari mbele, askari nyuma, na wakifika pale kwenye mawe, mahali basi yenu ilipopigwa risasi, hakuna anayezungumza. Dereva anazima hata radio. Radio yenyewe kila siku inasema watu wanajadiliana, kesho amani, kesho kutwa amani. Sisi tunasema amina, halafu tunasikiliza risasi mulimani.

Mufuko wako ulirudi. Riboni ya wino ya imprimanti yako ya kuchapia, ile uliyoifuata Bujumbura, ilikuwa ndani, kwenye plastiki yake, haikuguswa hata na tone. Mama yako alitaka kuitupa ziwani. Nikamunyang'anya, nikaificha kwenye gunia la muchele. Nilijiambia: mutoto huyu alikwenda kuchukua riboni ili watu wapate karatasi zao. Basi riboni hii itaandika. Hata kama ni mimi wa kuiandikisha.

Mama yako ndiye aliyekuwa kazi ngumu. Dada yangu Hawa nimemujua tangu tumbo moja, sijapata kumuona vile. Alikifunga chumba chako cha kazi, akatundika kitenge mbele ya mulango ili asiuone hata mulango. Akasema hataki tena kusikia mulio wa imprimanti, ule wa krrr, krrr, maana akiusikia anaita jina lako kabla hajakumbuka. Akapatana na nahodha mumoja wa Kigoma: Ijumaa boti ikirudi kwao, mashine yote ipande, na ekrani, na klavye ya kupigia herufi, na waya zake, iende ikakae kwa baba yako mudogo huko ng'ambo.

Nilimuambia, "Hawa, ile mashine ndiyo sauti ya Salima iliyobaki."

Akanijibu, "Ndiyo maana."

Nikachukua ufagio nikafagia uwanja. Mimi! Ziwa lingekauka watu wasingeshangaa hivyo.

Sasa sikia nilivyojiingiza. Jumamosi nilikuwa ufukweni Magara asubuhi, mitumbwi imerudi, ndagala, dagaa zetu, zinamwagwa kwenye muchanga, na Papa Byamungu, yule muzee wa Fizi, Kongo, mwenye mitumbwi miwili, anapiga kelele kwamba binti yake Furaha anaolewa wiki inayofuata na Dezire wa hapa Rumonge, mutoto wa watu wa mawese. Harusi kubwa ya kwanza pwani hii tangu njia iwe mbaya. Akasema, "Lakini karatasi za kualika tutazitoa wapi, na Salima hatuko naye tena?" Watu wote wakanyamaza kwa ajili yako. Na mimi kile kimya kikaniuma, nikashindwa kukivumilia. Nikasikia mudomo wangu unasema, "Zitatoka kwangu! Salima alijifunza kwa nani, munadhani?"

Usinikasirikie. Hukuwepo wa kunibishia.

Nikaendelea, unanijua. Nikawaambia kwamba mimi ordinateri, kompyuta yoyote, naifungua na kuifunga macho yakiwa yamefumbwa, kwamba wazungu wa Bujumbura walikuwa wakinipigia simu usiku kuniuliza herufi. Papa Byamungu akanitazama kama mutu anayepewa samaki asiyemujua, lakini akanipa mukono. Na mukono ukipeanwa Magara mbele ya wavuvi, kuurudisha ni aibu ya ukoo muzima.

Nilirudi nyumbani nikamuomba Hawa anifungulie chumba. Alikuwa anachagua maharage, hakuinua hata kichwa. Akasema, "Kazi moja. Wenyewe wakiipokea kwa moyo, tutazungumza. Wakiikataa, Ijumaa inapanda boti, na usije kunililia." Akautoa ufunguo kwenye pindo la kanga yake, akauweka chini, si mukononi mwangu.

Basi nikaingia. Vumbi, harufu ya karatasi, na shati lako la mikono mirefu bado kwenye musumari. Nikakaa.

Nilikumbuka siku ulipoileta hiyo mashine, umemaliza mafunzo yako Bujumbura, umeipata kuukuu kwa mutu wa ofisi. Kartie yetu nzima, mutaa wote, ilidhani ni televisheni iliyoharibika, wakaja kuuliza mpira unaanza saa ngapi. Ukaniambia, "Mujomba, humu tunazungumza na mashine kwa lugha inaitwa Pythoni, maana yake chatu." Nami nikakusimulia chatu wa muto Dama aliyemeza pikipiki pamoja na dereva wake, honi ikawa inalia tumboni mpaka Nyanza-Lac, na watu wa barabarani wakimupisha. Ulicheka mpaka ukaegemea ukuta. Halafu ukasema, "Huyu wangu hamezi, Mujomba. Huyu anatii."

Na siku ile ya bibliotheki! Uliposema ndani ya Pythoni kuna bibliotheki, niliinama chini ya meza kutafuta vitabu. Ukanivuta shati. "Hapana. Ni kazi ambayo mutu mwingine amekwisha kuifanya, akaifunga vizuri, akaiachia watu. Huyu alitengeneza ya kuchora mistari ya mapambo kati ya maneno. Hatumujui, naye hatujui. Alifikiri tu kwamba siku moja kuna mutu atahitaji." Maneno hayo yalinikaa, Salima. Huku mulimani watu wanawatumia risasi watu wasiowajua, na mutu wa nchi nyingine huko amekaa anawatumia mapambo watu asiowajua.

Wewe ukaichukua hiyo bibliotheki ukaiongezea maumbo ya kwetu, ukaipa jina Pindo. Ulisema kanga bila pindo ni kitambaa tu, na karatasi isiyo na mustari wa mapambo ni kama barua ya kuitwa polisi. Nilipokuwa nakuletea chai ulinikalisha kwa nguvu, ukanifundisha kuandika maneno mawili matatu:

from pindo import chora
chora("mawimbi", 40)

na mashine ikatoa ziwa lililonyooka:

~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~~

Nilitoka nje nikawaambia watu nimeumba Tanganyika.

Basi nikawasha. Riboni mupya nikaiweka, nikajipaka wino mpaka kwenye sikio. Maneno ya harusi niliyapata kwa kubadilisha majina kwenye kazi yako moja ya zamani, kidole kimoja, kila herufi nikiitafuta kama mbuzi aliyepotea. Kanisani saa ngapi, chakula wapi, zawadi saa ngapi. Yakabaki mapambo ya kuyagawa. Nikafungua orodha ya maumbo yako. Mawimbi. Wavu. Nyota. Ngazi.

Nikachagua ngazi, muti wa mawese. Nani asingechagua? Bwana harusi ni wa ukoo wa mawese, na sisi wa hapa, tukiona mulango umepambwa kwa majani ya ngazi, tunauliza bibi harusi yuko wapi. Nikaandika chora("ngazi", 40), na yakatoka:

\|/  \|/  \|/  \|/  \|/  \|/  \|/  \|/

Mazuri, yamesimama, kama yamekatwa asubuhi. Nikaweka juu, nikaweka chini, nikaweka kila baada ya habari, kwa sababu mimi nikitoa sitoi kwa ubahili. Karatasi ile ilikuwa shamba. Jumanne nikazipeleka mwenyewe kwa baiskeli, nikamukabidhi Papa Byamungu, ambaye alikuwa anashona wavu, akaziweka chini ya kofia yake bila kuzitazama, akasema murakoze, asante. Nikarudi nikipiga kengele ya baiskeli njia nzima, hata mahali hapakuwa na mutu.

Jumatano Mama Furaha alifika hapa. Hakuja peke yake, alikuja na wanawake wa ndagala, vitenge vimekazwa kiunoni, na hakutusalimu hata kwa amahoro. Alizitupa karatasi juu ya meza.

"Weye Ramazani! Nani amekufa kwetu?"

Nikacheka. Nilidhani ni mutego wa kuniombea chai.

"Unacheka? Andika jina yake basi, tujue mwenye tunalia! Kwetu Fizi majani ya ngazi inalalaga mu barabara siku ya matanga! Unaona majani njiani, unatoa kofia, unajua kilio iko karibu. Weye umetuletea matanga mu mukono, na jina ya mutoto wangu ndani!"

Salima, unajua nilikumbuka nini? Mwaka juzi nilipita Magara, nikakuta majani ya ngazi yamelazwa barabarani mbele ya nyumba moja ya Wakongomani. Nikayavuka kwa baiskeli nikipunga mukono, "Hongera! Hongera sana!" Walinitazama kama mwenda wazimu. Mimi nikasema moyoni, watu hawa wana kiburi hata kwenye sherehe. Miaka yote hii tunauziana ndagala na mawese, tunasalimiana kila asubuhi, na sikuwahi kuuliza.

Yule mama akaeleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo mimi nilivyozidi kuwa mudogo. Karatasi zilipogawiwa pale ufukweni, wengi wa wale wanawake hawajui kusoma. Waliona majina hawakuyajua, waliona majani ya ngazi wakayajua. Na Dezire, bwana harusi, alikuwa amekwenda Bujumbura na musururu siku iliyotangulia kununua suti. Mumoja akapiga ukelele, wa pili akapokea, ndagala zikaachiwa kunguru. Furaha akajitupa muchangani. Mutoto yule alikaa mujane kwa muda wa kupika ugali, mpaka akaja mutu mwenye kusoma akawaambia, "Nyamazeni, hii ni harusi."

Kwa kawaida, mimi hapo ningekuwa na hadithi ya kuwatuliza. Lakini nilimutazama Mama Furaha machoni. Mutu aliyewahi kuletewa habari ya njia ile anajulikana, na yeye aliletewa kwa muda mufupi, na sisi tuliletewa ya daima. Nikasimama. Nikamuambia, "Mama, nisamehe. Kesho jioni mutapata nyingine."

Nyuma ya kitenge nikasikia sauti ya Hawa. Haikuwa ya hasira, ndiyo mbaya zaidi. "Umeona sasa? Hata ukiitengenezea harusi inatoa kilio. Acha iende."

"Haiendi," nikasema. Na Mama Furaha alipokuwa anageuka kuondoka, nilifanya jambo ambalo sijalifanya katika umri wangu wote. Niliuliza. "Mama, kwenu karatasi ya harusi ningeiwekea nini?"

Akafikiri. Wanawake wenzake wakafikiri. Mumoja akasema maua, mwingine akamutania, "Maua ulionaga wapi, weye mwenye kunuka samaki?" Wakacheka kidogo, na hewa ikarudi chumbani. Halafu Mama Furaha akasema, "Sisi ni watu ya ndagala. Ndagala haiendake peke yake. Weka ndagala, tutajua ni watu wanakuja."

Ndagala! Nikatafuta kwenye Pindo yako. Hakuna. Watu tunaishi kwa ndagala, wewe mwenyewe ulikuwa unazila kavu kama karanga ukifanya kazi, na kwenye bibliotheki hukuziweka! Ningekuwa na mutu wa kumugombeza ningemugombeza.

Nikaamua nitaziweka mwenyewe. Nilijua mahali, maana nilikuona. Unafungua lile faili lako, chini kabisa, ambako kila umbo lina mustari wake. Nikautazama wa mawimbi, nikautazama wa nyota, nikaiga:

maumbo["ndagala"] = "><>  

Samaki wangu ana mukia, ana tumbo, na mudomo ameufunga kama mutu mwenye adabu. Nikaamuru achorwe. Mashine ikanitolea maneno ya Kiingereza. Kiingereza hakinijui, nami sikijui, lakini nilijua sijasifiwa. Nikabadilisha mukia. Ikakataa. Nikamuongezea samaki urefu. Ikakataa. Nikaizima, nikaiwasha, nikaipuliza kwa mudomo kama radio. Nikaisomea Kul-huwallahu. Nikaiambia mimi ni nani katika muji huu. Ikarudia maneno yale yale, neno kwa neno, bila kuongeza sauti.

Hapo nikakusikia. Sisemi uongo, na leo usinitilie shaka. Nikakusikia kama ulivyokuwa unasema kila nilipotaka kuipiga kofi: "Mashine haina hasira, Mujomba. Inasoma tu ulichoandika." Basi nikasoma nilichoandika. Nikasoma tena. Sikuona kosa, Salima. Umeme ungekatika jua likizama, na mwenye boti alikwisha kutuma salamu kwamba atakuja na kamba. Nikaweka kichwa juu ya klavye, ekrani ikajaa herufi moja.

Kitenge cha mulangoni kikasogea. Hawa. Tangu tukuzike hakuwa amekanyaga humo. Alisimama pale pale, muguu mumoja ndani, muguu mumoja nje, mwiko mukononi.

"Umefunga?" akasema.

"Nimefunga nini?"

"Mimi sijui ni nini. Zile alama ndogo mbili zinazoning'inia juu. Kila siku alikuwa anakuambia. Ulifungua, funga, Mujomba. Ulifungua, funga. Mimi niko hapo nje nakaanga mihogo, nasikia mpaka nachoka. Nikawa najisemea, huyu kaka yangu ana kichwa gani?"

Nikatazama. Mwanzo wa samaki wangu kulikuwa na alama. Mwisho wake hakuna kitu, mulango wazi. Nikaweka alama mbili zile zinazoning'inia, hivi:

maumbo["ndagala"] = "><>  "

Nikabonyeza. Na imprimanti ikaanza, krrr, krrr, na kabla sijageuka nikasikia Hawa nyuma yangu anasema, "Salima." Alilisema taratibu, na safari hii akiwa anakumbuka. Akaingia. Akaweka kiganja chake juu ya imprimanti, kama mutu anavyomushika ng'ombe ubavuni asiogope, na akakiacha pale mpaka karatasi yote ikatoka:

><>  ><>  ><>  ><>  ><>  ><>  ><>  ><>

"Hao ni samaki?" akauliza.

"Ni ndagala."

"Mbona wote wanatazama upande mumoja?"

"Wanakwenda harusini."

Akacheka. Si sana. Kisha akalia, na huko hakujizuia, na mimi nikafanya kama natengeneza karatasi, kwa muda murefu, karatasi iliyokuwa sawa kabisa.

Tulifanya kazi mpaka umeme ukatoka, yeye akizipokea na kuzipanga, mimi nikibonyeza. Zile za majani ya ngazi tulizikusanya zote, hakuna hata moja iliyobaki Magara. Niliwafuata hata waliokuwa wamefungia chumvi. Na Alhamisi, kabla ya jioni niliyoahidi, nikamupelekea Mama Furaha karatasi mupya. Hakunikaribisha kukaa. Alichukua moja, akaigeuza, akamupa yule bibi aliyekuwa wa kwanza kupiga ukelele, ambaye hajui hata herufi ya jina lake.

Bibi akaisogeza karibu na jicho, akaipeleka mbali. "Eee," akasema, "hawa ni sisi!"

Basi ikapita mukono hadi mukono. Mwingine akasema samaki wangu wamekonda, dhahiri nimewanunua Rumonge. Mwingine akataka kujua ni yupi bibi harusi. Nikamuonyesha wa katikati. "Na huyu wa mwisho huku chini, mbona hana mukia?" Kweli, mahali pamoja nilipima vibaya mustari ukakatwa. Nikajibu, "Huyo aliliwa na paka wa Papa Byamungu, hata mimi nilimuona." Papa Byamungu akaapa hana paka. Watu wakacheka mpaka Dezire mwenyewe, aliyerudi salama na suti yake kwenye bega, akaja kuuliza kuna nini. Furaha alimushika mukono mbele ya watu wote, jambo ambalo kwao halifanywi, na hakuna muzee aliyemukemea.

Leo ni Ijumaa. Baada ya sala nahodha wa Kigoma alikuja na wachukuzi wawili na kamba. Nilikuwa nimeketi hapa, kwenye kiti hiki, sikuinuka. Nilikuwa nimeapa kimoyomoyo sitasema neno, kwa sababu Hawa alisema tutazungumza, na tangu jana hatujazungumza, na mashine ilikuwa ya mutoto wake, si yangu.

Hawa alitoka mulangoni. Nikamusikia.

"Amahoro, nahodha. Safari njema."

"Na muzigo, mama?"

"Muzigo gani? Hiyo iko na kazi. Kuna mutu wa Bugarama anangojea karatasi za ubatizo. Rudi na kamba yako."

Akasema vile kana kwamba haikuwahi kuzungumzwa habari nyingine duniani. Nahodha akanung'unika, akaondoka. Boti yake naiona toka dirishani, inakuwa ndogo, na mashine hii iko hapa mbele yangu.

Sasa nikuahidi, halafu nikuache. Umbo lako la ngazi sikulifuta, halina kosa. Niliona kwamba ukianza mustari kwa alama ya reli, mashine inauruka haiusomi, lakini mutu anausoma. Kwa hiyo pembeni yake nimeandika kwa lugha yetu:

# uliza kwanza kwao maana yake nini

Na nitauliza, Salima. Mutu wa Fizi nitamuuliza, wa Bugarama nitamuuliza, hata wale wanaoshuka mulimani na mabegi yao na hakuna anayetaka kujua wanatoka upande gani, wakitaka karatasi nitawauliza mapambo yao ni yapi, na nitayaweka humu moja moja, na kila nililofungua nitalifunga. Riboni hii ikiisha nitapanda basi mwenyewe kwenda kuleta nyingine. Hawa anajua, amekataa, nami nimesema nitakwenda. Na ile habari ya kwamba wewe ulijifunza kwangu, kesho harusini nitaisahihisha mbele ya watu. Nitaisahihisha kwa namna yangu, lakini nitaisahihisha.

Nilitaka kuongeza habari ya sangala niliyemuvua juzi, mukubwa mpaka mutumbwi ukakaa ndani yake badala ya yeye kukaa ndani ya mutumbwi, ila mama yako ananiita. Ameingia, amevuta kiti, ameiwasha mwenyewe. Ananyoosha kidole juu ya klavye na kuuliza herufi ya kwanza ya jina lako iko wapi. Nimemuambia kushoto, mustari wa kati. Haioni. Naweka kalamu chini nimuonyeshe.

Mungu akupanulie mahali ulipo, mama. Sisi tuko kazini.

Mujomba wako,
Ramazani